Timu ya Tupokigwe Bado Iko Ubaoni

Uyole,
S.L.P. 612,
Mbeya.
23 Oktoba, 1979

Mpendwa shemeji Saulo,

Pokea salamu zangu wewe, Alinanuswe na watoto. Natumaini kifua kilichokusumbua mwezi uliopita kimepoa, na kwamba baridi ya Mgololo inakuacha ufanye kazi yako ya useremala bila kukohoa juu ya mbao za watu. Mwambie Alinanuswe asichoke kukuchemshia maji ya tangawizi, hata ukikunja uso.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto hunikumbusha umri wangu kila asubuhi, lakini hunifikisha sokoni na kanisani. Huku ni jua na vumbi tu. Watu wameanza kukatua mashamba wakisubiri mvua. Sabuni haipatikani, na betri za redio ndizo kabisa. Zangu nazianika juu ya bati kila mchana, na zikipata joto husikika taarifa ya habari mpaka karibu na mwisho, kisha msomaji anafifia kama mtu anayeondoka huku anaongea.

Barua yako niliipata Ijumaa kwa mkono wa Fanueli. Alisimamisha lori la saruji kando ya barabara kuu, akapiga honi, akataka nikimbie. Nilitembea. Akaniambia kuwa kama ningekuwa mchezaji wa timu yangu mwenyewe ningejitoa uwanjani. Nimemsamehe, kwa sababu bila yeye mimi na wewe tusingekuwa na mawasiliano ya maana, na mchezo wetu wa timu za ubaoni ungekufa siku nyingi.

Sasa niingie katika jambo uliloliandika, kwa kuwa tangu Ijumaa sijaweza kuliweka pembeni.

Umeandika hivi: "Shemeji, naomba tuifute timu ya dada. Aliyekufa tusimchezeshe. Wachezaji wake wenyewe wametawanyika, na wajina wake hapa nyumbani, kila barua yako ikifika, anauliza timu ya shangazi imepata ngapi. Sina la kumjibu mtoto."

Nimeisoma sehemu hiyo zaidi ya mara moja. Sikukasirika. Lakini kabla sijakujibu, nataka nikupe habari zote za timu zetu tatu kwa utaratibu, maana hukumu hutolewa baada ya kusikiliza.

Nianze na yangu, Nidhamu. Unajua nilivyoichagua mwezi wa Januari tulipokaa mimi, wewe na dada yako mbele ya ule ubao wangu wa shule, kila mmoja akijichagulia wachezaji wa klabu za Mbeya na Iringa ili awahesabie alama: nilichukua vijana watulivu, wanaofika mazoezini mapema na wasiobishana na mwamuzi. Jailos nikamfanya nahodha. Nilimfundisha darasa la tano, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Basi mwezi wa Agosti Jailos huyo alimsukuma mwamuzi kifuani, akatolewa nje, na mimi nikajiondolea alama tatu kwa mkono wangu mwenyewe. Jumatatu nilimkuta sokoni akiuza vitunguu. Nikamwambia kwamba ameniangusha, kwamba ameiangusha timu, na kwamba kama nahodha alipaswa kuwa mfano. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa adabu, "Mwalimu, timu gani? Mimi nachezea Kahawa, na nahodha si mimi."

Wanawake wa vitunguu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilinunua fungu moja nikaenda zangu. Nakuandikia haya ili ucheke na wewe, maana sikuwa na wa kumsimulia nilipofika nyumbani.

Yako, Msumeno, ilianza vizuri na ikaharibika kama ulivyoonywa. Ulichukua washambuliaji watupu, na golikipa ukamchagua kwa sababu ni mrefu. Nataka pia kukukumbusha juu ya mechi ya Iringa ya mwezi wa tisa. Uliniletea taarifa kwamba beki wako alifunga goli. Fanueli alikuwa uwanjani siku hiyo, na anasema ni kweli alifunga, ila alifunga golini kwake. Goli la kujifunga halina alama, shemeji, hata lifungwe kwa ustadi kiasi gani. Nimezifuta alama tatu ulizojipa. Tuliaminiana kwamba mimi nitahesabu mechi za Mbeya na wewe za Iringa, nami naendelea kukuamini, lakini Fanueli atakuwa anapita.

Sasa ya dada yako.

Utakumbuka kwamba siku ile ya kuchagua alikataa kutangulia. Alitaka awe wa mwisho kila raundi, ili awachukue wale ambao mimi na wewe tumewaacha. Nilipomuuliza jina la timu yake, alikuwa akichambua maharage, akasema, "Tutaona." Nikaliandika hivyo hivyo kwa chaki: Tutaona. Ukacheka, naye hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo. Miaka miwili mfululizo alikuwa wa mwisho, na miaka yote miwili ndiye aliyefuta ubao, kwa sababu tulikubaliana kwamba anayeshika mkia hufuta ubao wa msimu mbele ya wenzake. Alikuwa akiufuta taratibu, akiwaaga wachezaji wake kwa majina, kama watoto wanaorudi shuleni.

Mwezi wa Aprili tulimzika. Tulipomaliza matanga, wazee walifanya kama desturi inavyotaka. Nguo zake ziligawanywa kwa wadogo zake, jembe alichukua dada yenu Damari, na vyombo vyake vya jikoni vilirudi kwenu. Mzee aliyesimamia aliuliza mbele ya watu kama kuna kitu chochote cha marehemu kilichosalia. Nilijibu kwamba hakuna. Wewe ulikuwa umekaa chini ya ubao wenyewe. Hakuna aliyeinua macho.

Timu yake ikabaki kama alivyoiacha. Kanuni yetu ya kwanza, ambayo niliitunga mimi, inasema kwamba mwenye timu peke yake ndiye anayeweza kubadilisha mchezaji, kwa kinywa chake au kwa mkono wake. Golikipa wake, Kenani, alikuwa vitani Uganda, na hajarudi mpaka leo. Mama yake bado anauza ndizi pale stendi. Shija alihamia Mbalizi akaacha mpira. Budeba, yule mshambuliaji wa Kisukuma, aliondoka na ndugu zake kupeleka ng'ombe bondeni Usangu wakati wa kiangazi. Mmoja baada ya mwingine walitoka. Mimi na wewe tulikuwa tukibadilisha wetu kila mmoja alipoumia, lakini wake sikuweza kuwagusa. Kila Jumapili jioni nilisimama mbele ya ubao nikaandika alama zako na zangu, na kwenye mstari wake nikaandika sifuri, nikijitahidi iwe sifuri nzuri.

Sekela, jirani yetu, ambaye ulimwona siku za msiba, huja mara moja moja kunifagilia. Siku moja nilitoka shambani nikamkuta na kitambaa kilicholowa mkononi.

Akasema, "Mwalimu, ubao huu umejaa vumbi. Niufute?"

Nikamwambia asiuguse.

"Hata upande wa Tupokigwe?"

"Hasa upande wa Tupokigwe."

Alinitazama, akakikamua kitambaa nje ya mlango, akaenda kufuta madirisha. Tangu siku ile hufagia chumba chote isipokuwa hatua moja mbele ya ubao. Huko hufagia mwenyewe mwenye nyumba.

Nakiri kwamba barua yako ilipofika nilikuwa karibu kukubali. Nilijiambia kwamba Saulo ana haki, kwamba mtu mwenye akili timamu haendeshi timu ya marehemu, na kwamba sifuri zimetosha. Jumamosi nilikitoa kifutio katika mtoto wa meza. Nikakirudisha. Nikaona ni vizuri msimu umalizike kwanza, kwa kuwa ilibaki mechi moja tu ya mwisho, Jumapili, Kahawa na Reli.

Nilikwenda baada ya ibada, nikasimama pale tulipozoea kusimama, upande wa mikaratusi, ambapo vumbi haliji sana. Timu zilipoingia nilimwona kijana mmoja amevaa jezi isiyomwenea, amekonda, ana makovu ya miiba miguuni. Alikuwa Budeba. Nilisikia baadaye kwamba amekuja na lori la mpunga asubuhi ile ile, kwa sababu tu alikumbuka kuwa ni mechi ya mwisho. Kocha wa Kahawa alimfokea mbele ya watu, halafu akamchezesha.

Shemeji, alifunga magoli mawili. La kwanza lilikuwa la bahati, mpira ulimgonga bega. La pili alilichukua mbali, akawapita mabeki wawili wa Reli kama anayepita katikati ya ng'ombe anaowajua, akampita golikipa, akauingiza polepole. Nilipiga kelele. Mimi, niliyewachapa watoto kwa kupiga kelele. Nikageuka kushoto nimwambie dada yako.

Pale alikuwa amesimama mtu nisiyemjua, muuza karanga. Akanitazama, akaniuliza, "Mzee, yule ni mwanao?"

Nikamjibu, "Ni wa mke wangu."

Akasema hongera, akanipimia karanga, akakataa kulipwa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimezishika karanga zile. Niliandika alama za Budeba ubaoni kwa chaki, sita za magoli na moja ya ushindi. Nilijumlisha na zile ambazo timu yake ilikusanya kabla wachezaji hawajatawanyika. Nikajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto. Mimi ni wa kwanza, jambo ambalo halikunifurahisha kama nilivyodhani. Wa pili ni Tutaona. Wa tatu, na wa mwisho, ni Msumeno, kwa tofauti ya alama moja.

Kwa hiyo, shemeji, timu unayotaka ifutwe imekushinda, nayo imekushinda kwa wachezaji wachache, bila kocha. Usiniambie habari za goli la Iringa. Limekwisha.

Sasa jibu langu, ambalo nimelifikiria tangu juzi.

Kwanza, mimi sitaifuta timu hiyo. Nilipowaambia wazee kwamba hakuna kilichosalia, nilisema kwa kutokujua. Kilikuwepo. Na kwa desturi zetu vitu vya dada yenu hurudi kwenu, havibaki kwangu. Nimekaa navyo miezi hii yote kama mtu aliyesahau kurudisha sufuria ya jirani, na kusema kweli nilipenda kusahau, kwa sababu kitu kikibaki ndani ya nyumba mtu huwa na sababu ya kukisemesha.

Pili, wewe huwezi kuirithi, kwa kuwa una timu yako, na hali yake tumeiona. Lakini nyumbani kwako kuna mtu anayeitwa Tupokigwe. Alipewa jina hilo akiwa mchanga, na dada yako alimwita "mimi mwenzangu" kila mlipokuja. Mtoto huyo, kwa maneno yako mwenyewe, ndiye pekee anayeuliza timu imepata ngapi. Sisi wawili hatukuuliza. Mimi niliandika sifuri, na wewe ukataka kufuta. Kanuni inasema mwenye timu aongee kwa kinywa chake. Basi mwenye timu ameuliza, na inafaa ajibiwe. Mwambie imepata nafasi ya pili. Mwambie na habari za Budeba.

Tatu, ubao lazima ufutwe kabla ya kuchagua timu za mwakani, na anayeufuta ni wa mwisho. Si mimi. Si dada yako, safari hii. Najua tangu mazishi hujapata ruhusa kazini, na mabasi hayana dizeli, lakini shule zitafungwa mwezi wa Desemba, na Fanueli amekubali kuwabeba wawili kwenye lori kama mtavumilia vumbi la saruji. Njoo na mtoto. Kitanda cha chumba cha pili nimekitandika, ingawa ni mapema. Maharage yapo, na viazi vya mwaka huu ni vizuri kuliko mdomo wangu mmoja unavyoweza kuvimaliza.

Siku ya kuchagua, yeye na aamue mwenyewe kama atatangulia au atakuwa wa mwisho. Sitamwelekeza. Akitaka kumchukua Kenani, hata kama hajarudi, tutaliandika jina lake.

Msalimie sana Alinanuswe, na umwambie nimeipokea ile sweta, inanitosha mabegani. Nisalimie watoto wote, mmoja mmoja kwa jina. Damari anawasalimu, aliniletea maziwa wiki iliyopita. Sekela naye anawasalimu, anasema ndaga, yaani asante, kwa chumvi mliyompelekea.

Mungu awalinde katika kazi na katika usingizi, na awafikishe salama barabarani.

Kifutio kiko katika mtoto wa meza. Kinakusubiri wewe.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Andendekisye Mwakalobo