Mzee Horace na Kiwanja cha Mama

Moseley, Birmingham
Novemba 2006

Ndugu yangu Solomon,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani kwako. Natumaini kifua kimekuachia, na kama hakijakuachia basi ni zile sigara, nimesema mpaka nimechoka. Sisi hapa tunatembea kwa miguu yetu, Mungu ametusaidia. Binti yangu Mama Jelagat bado ni nesi kule hospitali kubwa ya Bordesley Green, anatoka gizani na kurudi gizani. Jelagat amerefuka kunishinda. Ukimsemesha Kiswahili anakuelewa, halafu anakujibu kwa Kiingereza, na mimi namgombeza kwa kile anachokielewa.

Barua yako nimeipata. Unasema umekiuza kiwanja cha mama kule Lanet, na aliyenunua ameshabomoa nyumba, anachimba msingi wa gorofa za kupangisha. Unasema nisikasirike, maana niko Ulaya na sina shida nacho. Nani alikwambia sina shida nacho? Uliniuliza lini? Wewe niliyekubeba mgongoni ukinilowesha! Lakini sitakutukana. Nitakueleza habari ya mzee mmoja wa hapa, ndipo ujue ulichofanya.

Hizi nyumba tunazopanga ni mpya. Zamani hapa palikuwa uwanja wa raga. Klabu yenyewe ni ya kale, ilikuwepo kabla reli haijafika Nakuru, na vijana wake wengine waliitwa kuchezea Uingereza nzima. Siku hizo walicheza bure, Jumatatu kila mtu yuko kazini kwake. Halafu mchezo ukawa wa mishahara, wachezaji wakalipwa kama makarani, pesa zikaisha, uwanja ukauzwa. Wajenzi wakapanda nyumba juu ya nyasi. Klabu haikufa, inacheza kwenye uwanja mwingine, si mbali. Haya yote nimeyajua kwa ajili ya Mzee Horace.

Jumamosi moja kengele ililia. Nikafungua, nikamkuta mzungu mzee, tai shingoni, koti la klabu, viatu vinang'aa. Nikadhani ni mtu wa kanisa, nikamkaribisha, nikaenda kumpashia chai. Hakukaa. Alipita moja kwa moja jikoni, akatokea nyuma, akasimama katikati ya sukuma wiki zangu akitazama huku na huku. Nilimfokea hasa. Naye akanijibu kwa Kiingereza, taratibu, akionyesha kwa mkono. Jelagat akaja anacheka, akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba mzee anauliza wenzake wako wapi, mechi inaanza, na ni nani aliyeng'oa milingoti ya goli. Akaongeza kwamba mzee anasema sauti yangu inamshinda kocha wao.

Basi akawa anakuja kila Jumamosi. Mwanawe Graham, mtu mzima mwenye mvi, alikuja kuomba radhi. Alisema baba yake aliichezea klabu hiyo ujanani, na sasa ugonjwa wa kusahau umemla akili, umembakizia uwanja peke yake. Nikamwambia, kupitia kwa Jelagat, kwamba hilo ni jambo dogo, ampeleke kwenye uwanja mpya. Nilijiona nina akili kuliko wote. Tukaenda pamoja. Lo! Matope, baridi, wanaume wazima wanasukumana vichwa kama mbuzi wanaogombea mlango, na mimi huyo napiga kelele wainuke waende makwao. Mzee Horace alikaa kwa adabu, akapiga makofi kila watu walipopiga. Mwisho akamshika mwanawe mkono, akamshukuru, akamwomba sasa ampeleke uwanjani.

Graham alilia ndani ya gari. Mimi nikampa leso yangu.

Baadaye Graham aliniomba nisimfungulie baba yake tena, huenda akaacha kuja, maana alikuwa anavuka barabara ya magari bila kutazama. Jumamosi hiyo mvua ikanyesha. Mzee akabonyeza kengele, akagonga, akawaita wenzake kwa majina. Nilikaa kwenye ngazi nimejiziba masikio. Kisha nikafungua, sina moyo wa chuma. Aliingia ameloa, akaenda pale pale kwenye sukuma. Sasa wamempeleka kwenye nyumba ya wazee, mji wa mbali, na nasikia kila Jumamosi anavaa tai na kutikisa kitasa.

Solomon, sasa nisikilize. Mwezi jana nilipanda basi kwenda Alum Rock kununua unga na dengu. Niliposhuka nikaanza kutafuta geti la mama. Sisemi nililikumbuka, nasema nililitafuta. Nikamkuta mwanamke muuza nguo, anaitwa Paramjit, nikamgombeza aondoe marobota yake mlangoni kwetu, mama anataka kupita na maji. Alinikalisha kitini, akatafuta namba ya binti yangu kwenye mkoba wangu. Binti akanipeleka kwa daktari, naye akaniuliza malkia anaitwa nani, nikamjibu amwulize mwenyewe. Akaniuliza huu ni mwaka gani. Hapo, ndugu yangu, nilitafuta nikakosa. Ni ugonjwa ule ule wa Mzee Horace. Mama Jelagat amenikataza nisikuandikie, lakini tangu lini nikaamriwa na niliyemzaa?

Nilikitegemea kiwanja kile. Nilitaka kurudi mapema, ili siku nitakapoanza kutafuta kwetu, niwe nipo kwetu. Sasa nitarudi wapi? Siwezi kukuamuru ufukie msingi. Siwezi hata kuja kukuchapa. Ninachokuomba ni hiki: nenda kwa mwenye gorofa, kwa miguu yako, na uvue kofia. Mwambie iko siku bibi kizee anaweza kubisha, akaingia bila kukaribishwa, akauliza nani amebomoa jiko la mama yake. Wasiite polisi. Wamwache asimame kidogo.

Nisalimie mkeo Gertrude, na Lennox, na Tabitha na mtoto wake. Nawataja kwa majina sasa, wakati majina bado yananiitikia. Na wewe nakupenda, mpumbavu wewe.

Dada yako mkubwa,
Priska