Mtu Anayekula kwa Kushoto

Kampala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia, na maharusi wa Lindi bado wanakugombania uwapake hina. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Hapa jikoni hotelini ni vitunguu na moshi tu, na baridi ya asubuhi sijaizoea. Lakini leo naandika mbiombio kwa furaha, hata mwandiko unauona. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ulinikatia.

Maneno yako ninayo. "Mwanangu, baba yako hakula kwa kushoto hata siku moja. Na kovu lake la patasi lilikuwa shavu la kulia. Usiniletee mwanamume wa watu ndani." Ukasema umeigeuzia ukutani picha niliyokutumia, ya yule mla muhogo kwa kushoto mwenye kovu shavu la kushoto. Nililia, sikufichi. Wenzangu chumbani hunicheka kwamba mshahara wangu unaishia kwenye karatasi zilizochapwa watu wenye shingo ndefu na mikono kama makafi. Wacha wacheke, mimi nazipenda. Ila ile niliyokutumia niliinunua kwa sababu mchoraji ameandika chini kwa penseli, "Seremala, Lindi", nawe ulishanisimulia habari za mgeni wa Uganda aliyekuwa akishinda karakanani kwa Baba, akimchora hata anapokula muhogo wake.

Sasa sikia. Jumamosi nilikwenda wanakochapa picha za namna ile. Fundi huchora kwa sindano kwenye bamba la shaba, hulipaka wino, halafu huligandamiza kwenye karatasi. Kwenye bamba nilimwona mwanamke amebeba ndoo mkono wa kulia. Karatasi ilipofunuliwa, ndoo iko kushoto. Nilipiga yowe, wakadhani nimeungua.

"Dada, vipi?"

Nikawaambia, "Baba yangu anakula kwa kulia."

Mama, hili wewe unalijua kuliko mimi. Si huwa unawagombeza maharusi wasifumbatanishe viganja hina ikiwa mbichi, maana ua linahamia kiganja cha pili limegeuka? Basi ndiyo hayo hayo. Itoe picha ukutani, isimamishe mbele ya kioo cha kabati lako, kisha tazama ndani ya kioo, usitazame karatasi. Angalia mkono. Angalia shavu.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, na shangazi wa Rutamba. Huyo mwite kabisa, aje amtazame ndugu yake.

Baba alipofariki mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni, na picha yake nyumbani haikuwepo. Sura ile nimeitazama sana nikiwa sijui namtazama nani, na mwenye kuniambia ni wewe. Ukimtambua usihangaike kuandika. Nipigie, hata ukishindwa kusema neno nitaelewa.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Zuhura