Mkutano wa Kijiji, Kila Mtu Shambani Kwake

Nyakatuntu, Kyerwa,
9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Nolasco,

Shikamoo yako uliyomtuma Joanitha imefika, marahaba. Hujambo huko Mtwara? Wifi yangu na watoto wanaendeleaje? Mama hajambo, isipokuwa goti linamsumbua asubuhi. Sisi wengine tu wazima.

Kipindupindu hakijafika kwetu, ila karatasi zake zimefika. Moja ilitoka juu: soko lifungwe, mikusanyiko marufuku. Nyingine ikatoka juu zaidi: wananchi wakutane waamue wenyewe namna ya kujikinga. Mwenyekiti wetu Cassian alizisoma zote mbili, akaomba maji ya kunywa. Na ndizi za watu zilikwisha kukatwa, zinaivia uani.

Mwishowe akaamua tukutane bila kukusanyika. Kila mtu asimame shambani kwake, kwenye mteremko, na anayekubali hoja ainue jembe.

Sauti ya Cassian unaijua, haivuki hata uwanja wake. Basi shangazi Kokugonza akawa anayarudia maneno yake kwa nguvu, na kuongeza ya kwake. Ndivyo tulivyopitisha kwamba mbuzi wa Bigirimana afungwe kamba. Cassian hakusema habari ya mbuzi. Majembe yalipanda yote, isipokuwa la Bigirimana.

Mara bwana afya akashuka kwenye bodaboda mbele yangu, amekasirika.

"Mama, huo mkutano uko wapi?"

"Ni huu hapa."

"Mbona uko peke yako?"

"Wenzangu wako mashambani kwao."

Akatazama mteremko mzima, akakosa wa kumtawanya. Shangazi akampigia kelele kutoka ng'ambo kwamba kwa kuwa amefika, atueleze vizuri. Akaeleza: ndizi mbichi hazina neno, hatari iko kwenye maji machafu, vyakula vya kupikwa na vinywaji vya kuchangia vikombe. Tukamuuliza maswali mpaka koo likamkauka.

Ikapita hivi: ndizi ziuzwe kila kitongoji kwake, pawe na maji na sabuni, na pombe ya rubisi isimame kabisa. Rubisi, Nolasco, ambayo ndiyo ada ya watoto wangu. Nilipinga kwa sauti. Walinisikiliza mpaka mwisho, kisha wakainua majembe. Bwana afya akapeleka maamuzi yetu wilayani, nako wakayakubali.

Mwaka jana wa wilayani walipotufungia pombe bila kutuuliza, rubisi iliuzwa kila nyumba kwa mlango wa nyuma. Safari hii nimeacha mlango wangu wa nyuma wazi jioni zote, na haingii mtu. Walioinua majembe ni wateja wangu.

Msalimie sana wifi, na Dastan akija kwenu mwambie Mama anamuulizia. Vero na Benadeta wanakusalimu. Mungu awafunike huko mliko, nasi atuache na afya hii tuliyo nayo.

Wako akupendaye daima,
dada yako Salvina