Tata, Nimepunguza Chumvi

Tata, baba yangu,

Nimeolewa! Nilitaka wewe uwe wa kwanza kuambiwa, na sasa ndiwe wa mwisho. Kanisani alinishika mkono Baba Mdogo. Alijitahidi, maskini, lakini anatembea haraka, na mimi nilikuwa nimezoea mwendo wako.

Tumepanga chumba hapa Kashai. Ungemwona Projestus wangu, Tata! Akirudi kazini huanza kuniita akiwa bado barabarani, majirani wanacheka. Ananipenda mpaka naogopa. Tulipokwenda kupima afya kabla ya ndoa, muuguzi alimpima presha, akarudia, kisha akauliza, "Kijana, kwenu kuna mwenye presha?" Nilikuona wewe, umeanguka kibanjani katikati ya migomba, mdomo umepinda, unataka kuniita na jina langu halitoki.

Aliambiwa apunguze chumvi, kama ulivyoambiwa wewe. Wewe ulirudi nyumbani ukicheka: "Daktari anataka nile kama mgonjwa, na jembe bado nalishika!" Ukavuta kibakuli cha chumvi, ukanyunyizia ebitoke, ndizi zetu, hata kabla ya kuonja. Mama alikuwa akikificha nyuma ya mtungi. Ulikuwa unakipata tu.

Sasa sikia. Wiki ya pili ya ndoa nilipelekwa Buhembe, wakwe waonje mkono wa bibi harusi. Nikapika ndizi na maharage. Ukoo mzima mkekani, sinia moja. Ningefanyaje, Tata? Kwenye sinia moja huwezi kumpunguzia mtu mmoja. Nikatia chumvi kidogo sana, tena mwishoni, nikazidisha vitunguu, nyanya na tangawizi, nikakamulia ndimu.

Shangazi yake Projestus alitafuna, akaacha kutafuna. "Bibi harusi, huko kwenu Izigo chumvi haijafika?"

Wakacheka wote. Mwingine akasema, "Mwacheni, mapenzi yamemsahaulisha!" Mama mkwe akaagiza chumvi iletwe. Nilitazama chini, machozi yananidondokea mapajani. Nikamsikia Projestus.

"Mama, usitie. Nina presha. Niliogopa kukwambia. Huyu anataka nizeeke."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, akaichukua ile chumvi, akairudisha jikoni mwenyewe. Aliporudi akakaa karibu nami, akamega tonge, akala. "Ndimu imekaa vizuri," alisema, akamega tena.

Nikafikiri, laiti na sisi tungekaa hivyo. Nyumba nzima tule chakula chako, badala ya wewe peke yako kuitwa mgonjwa mbele ya sahani yako.

Juzi Projestus amepimwa tena. Imeshuka kidogo. Nililia pale kliniki mpaka muuguzi akadhani nimefiwa. Nimefiwa kweli, Tata. Nimejifunza kupika maharage ambayo hata wewe ungeyamaliza, halafu mtu wa kumpelekea hayupo. Wakati mwingine napakua, nakaa nayatazama mpaka yanapoa, na Projestus ananishika bega.

Pumzika, Tata wangu. Nikijaaliwa watoto, watazaliwa babu yao mmoja hayupo. Lakini baba yao watakuwa naye. Nakuahidi nitampikia hivi hivi, hata dunia nzima inicheke.

Binti yako,
Koku