Brauni Isiyo na Ngano, na Mahamri Uliyoyakataa

Mpendwa Mavyaa, mama wa mume wangu,

Mbele za watu nilikuita Mama. Nikiwa peke yangu na hasira zangu nilikuita Mavyaa, tena kwa kulivuta lile neno. Leo nakuita yote mawili, maana sijui lipi lina haki zaidi.

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike. Sikuwahi kufikiri nitakuandikia, lakini tangu Rahma, mjukuu wako, apimwe situlii. Nafagia jiko lililokwisha kufagiwa. Napanda ngazi, nikifika juu nasahau nilichokifuata. Kazini Shimanzi malori yanapiga honi chini ya dirisha, nami nimeshika karatasi za kontena la mtu, nazisoma mara nne na hazinikai. Kichwani umekaa wewe, na ile sahani.

Waikumbuka? Ilikuwa asubuhi ya nne tangu niingie nyumbani kwako Kibokoni, mke wa Swaleh, msichana wa Mariakani, nami najua wazi ulimtakia mwanao mke wa Mji wa Kale. Niliamka alfajiri nikapika mahamri na mbaazi za nazi. Ulimega kipande, ukakizungusha mdomoni, ukasema, "Mashaallah, yamefura." Kisha ukaisukuma sahani. "Leni nyinyi. Mimi nimeshiba."

Saa moja ya asubuhi, umeshiba nini? Nilipotoka uani kumwaga maji nikakuona wampa paka kipande chako.

Tangu siku hiyo nikawa nakuchunga. Chapati zangu hukuzila. Keki ya akika ya Rahma hukuionja. Sambusa za Ramadhani ulizipasua, ukala nyama, ukaacha ganda. Lakini mkate wa kumimina uliojipikia mwenyewe, wa mchele na nazi, uliula hadi ukaramba vidole. Nikakata shauri: huyu hautaki mkono wangu. Mwaka wa saba sikuweza tena kujizuia, nikakurushia swali mbele ya mwanao: "Mama, chakula changu kina najisi?"

Ukajibu, "La, mwanangu. Ni chango langu tu."

Chango! Kila mwanamke akitaka kuficha jambo la tumbo husema chango. Nikaona umenidanganya kistaarabu. Tokea hapo sikukupakulia tena chochote cha unga, na hukuuliza kwa nini. Tuliishi hivyo mpaka ukafa.

Sasa nikueleze habari za mjukuu wako. Alipofika miaka minane alianza kukonda. Tumbo linafura, anaharisha, anasinzia darasani. Tulimpa dawa za minyoo, tukamsomea, tukampeleka kukandwa. Mwisho daktari mmoja mwanamke akamtoa damu, akamtia mpira wenye kamera hadi kwenye utumbo, akatuita mimi na Swaleh. Utumbo wa mtoto, alisema, hauistahimili gluteni, kile kitu kinachoufanya unga wa ngano uvutike. Kila tonge la ngano linamchubua ndani. Hakuna dawa ila kuacha kabisa, maisha yake yote.

Kisha akauliza, wala hakuinua macho kwenye karatasi: "Ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Kwenu kuna mwingine aliyesumbuliwa na tumbo?"

Swaleh akasema hakuna. Mimi nilikuwa naiona sahani inasukumwa.

Rahma hakulilia mahamri wala chapati. Alichokililia ni brauni, ile keki nzito ya chokoleti inayokatwa vipande vya mraba, anayoletewa shuleni na rafiki yake. Nikaanza kuzunguka mji. Marikiti muuzaji aliniangalia kama niliyechanganyikiwa: "Unga wa keki usio na ngano? Dada, si ni kama kutaka chai isiyo na majani?" Nikavuka hadi Nyali, nikalipata boksi moja, unga wa brauni uliochanganywa tayari, umetoka ng'ambo. Nikafuata maagizo neno kwa neno. Ikatoka kavu, inakwaruza menoni kama mchanga wa pwani.

Rahma alitafuna kwa adabu. "Nzuri, Mama," akasema, kisha akaisukuma sahani. "Nimeshiba."

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi, nikajiinamia.

Boksi la pili, la kampuni nyingine, liligeuka ulimbo. La tatu lilikuwa na unga wa dengu, nyumba nzima ikanuka bajia. Kila Jumamosi nilikuwa jikoni, Swaleh ananiambia nipumzike, nami namjibu kwa ukali asioustahili. Mpaka siku moja, namimina maji kwenye ule unga, nikaisikia sauti yako ukimfundisha jirani mkate wa kumimina: "Mchele una kiu, mwanangu. Unyweshe kwanza, usiuharakishe." Nikasoma tena ubavu wa boksi. Sehemu kubwa ya ule unga ni mchele. Nami kila mara nilikuwa nauchanganya na kuukimbiza kwenye oveni.

Nikaacha maji, nikatia tui zito lenye joto kidogo. Nikaongeza yai moja juu ya yale waliyoandika, chumvi kidogo, na kikombe kimoja kidogo cha kahawa chungu ili chokoleti ikolee. Nikaufunika, nikauacha nusu saa unywe. Nikaitoa kwenye oveni kati bado pana unyevu, nikangoja ipoe kabisa ndipo nikakata. Mama, haikumomonyoka. Rahma alikula viwili, cha tatu akakifutika kwenye mfuko wa chuo cha Kurani.

Kesho yake asubuhi alikuwa amejikunja kitandani, ameshika tumbo. Nilikuwa nimetumia chekecheke lile lile la ngano. Lilikuwa safi kwa macho yangu, nimeliosha. Lakini unga ulibaki kwenye nyuzi zake, na ule kidogo ulitosha. Siku tatu mtoto hakwenda shule kwa ajili ya mkono wangu. Nilitupa chekecheke, miko, na kibao cha chapati, nikanunua vipya, nikapika upya. Safari hiyo akala akalala salama. Lakini mimi hadi leo kila akishika tumbo, hata akiwa anacheka, naacha nilichoshika nikamtazame.

Idi pili tulikwenda kwa Zuhura, binti yako, na boksi letu la brauni kwapani. Akaleta visheti, kaimati na keki, vyote vya unga wa ngano. Rahma akakataa kwa upole kama tulivyomfundisha. Wifi yangu akacheka mbele ya wageni: "Huyu ana maringo ya nyanya yake. Mama naye alikuwa hivi hivi, hali cha mtu."

Nilimweleza yote pale pale: utumbo, ngano, ukoo, swali la daktari. Zuhura akaiweka birika chini polepole. Wageni walipoondoka akanishika mkono.

"Mama alikuwa akitapika," akasema. "Akila chochote cha ngano hujifungia chooni, afungue bomba tusisikie. Nilipomwambia akueleze alikataa. Alisema, 'Yule mtoto wa watu tayari adhani simtaki. Nikimwambia chakula chake chanitapisha, atakwenda zake kwao.'"

Miaka yote mimi nikihesabu dharau, wewe ulikuwa ukinistahi.

Sina hakika, Mama. Hukupimwa, na sasa hakuna wa kukupima. Huenda lilikuwa chango kweli. Kutojua huko ndiko kunakonifanya nizungukezunguke nyumba hii. Juzi Zuhura amekuja mwenyewe: "Nipeleke kwa huyo daktari. Hata mimi tumbo langu si zima, nilikuwa naona haya." Ametolewa damu. Daktari amemwambia asiache ngano mpaka uchunguzi ukamilike, la sivyo vipimo havitaonyesha kitu, basi kila asubuhi anameza kipande cha mkate kama mtu anayemeza kwinini, huku akinitazama. Majibu ni Alhamisi. Yakija vyovyote, yatakuwa yake. Jibu lako umekwenda nalo.

Jana Rahma alinisaidia kukata. Akainua kipande, akanusa ile kahawa, akaniuliza, "Mama, nyanya angeila hii?"

Nilitaka kumjibu ndiyo. Ingekuwa rahisi, na angefurahi. Lakini nilimwambia kweli: "Sijui, mwanangu. Nilikaa naye miaka kumi na moja, na hata siku moja sikumuuliza anaumwa wapi."

Mungu akupe raha huko uliko, nawe uniwie radhi.

Ni mimi,
mkaza mwanao