Seline Aoko: Haikuwa Malaria

Ni mwaka mmoja sasa, Seline, nyar Awasi, binti wa Awasi, tangu tukulaze katika boma la mumeo Gordon kule Katito. Bado tukiamka tunatega sikio kama umeshaondoka kwenda ufukoni Dunga.

Wateja wako wanakuulizia. Omena, dagaa wa ziwani, uliipima kwa kopo la gorogoro, ukaongeza kiganja juu, na hakuna mjane aliyeondoka kwako mikono mitupu. Hata mashavu yalipowiva kwa lile jua la kuanikia, ulisema umepakwa rangi bila kwenda saluni.

Hatujasahau waliopita kando ya beseni lako wakinong'ona ukimwi, kisha wakaja matangani kula. Tunawajua.

Wala hatujasahau zahanati ile. Kabla hujaketi ulikuwa umeshaandikiwa malaria. Nasi tukakubali, maana huku ziwani ni nani hana malaria? Ulimeza klorokwini juma baada ya juma, vidole vilivyokakamaa vikalegea, uso ukapoa. Tukasema, si unaona, ni malaria tu. Hakuna aliyetuambia kwamba dawa hiyohiyo hutuliza na ugonjwa uitwao lupasi. Ilikuwa inaupoza ugonjwa tusioujua, nao ukaendelea kula figo zako kimyakimya, mpaka miguu ikavimba na mkojo ukatoa povu.

Daktari Wabwire, wa mwisho kukutibu, ndiye wa kwanza aliyetueleza. Katika damu mna seli ziitwazo B. Kazi yao ni kutengeneza kingamwili za kukamata vijidudu. Kwako zilikuwa hazitambui tena mwenyeji na mgeni. Kingamwili zao zilishika ngozi yako, viungo vyako, figo zako. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukamwambia, "Kumbe, daktari, nimebeba polisi wa kuvunja mikutano." Alicheka, kisha akainamisha kichwa. Tulikuwa tumechelewa kumfikia.

Sasa, Seline, tuna hofu na hatutaificha. Mdogo wako Lornah akiamka hawezi kukunja vidole kushika kikombe. Mashavu nayo yameanza kuwiva kama yako. Daktari anasema lupasi hairithiwi kama shamba, ingawa huweza kuwapata wa tumbo moja. Labda ni kitu kingine kabisa. Hiyo labda ndiyo inatunyima usingizi.

Juzi mama yenu Dorca alimwekea klorokwini kiganjani, vile alivyokuwa akikuwekea wewe. Lornah akairudisha mezani.

"Mama, nitameza wakishapima damu na mkojo," alisema. "Ikinipa nafuu kabla ya hapo, mtasema nimepona."

Mama alilia, lakini hakumlazimisha.

Kwa hiyo, ndugu na marafiki, ibada ya Jumamosi pale Katito haitaanza asubuhi kama ilivyotangazwa kanisani. Asubuhi hiyo sisi sote tutakuwa kwenye benchi la maabara pamoja na Lornah. Anayeona tumemkosea marehemu heshima atusubiri kaburini na hasira zake. Tutamkuta huko mchana. Na majibu tutakayopewa, Seline, yawe mazuri au mabaya, wewe ndiwe tutakayekuambia kwanza.

Wanaokukumbuka: mumeo Gordon, mama yako Dorca, kaka yako Oduor, mdogo wako Lornah, na akina mama wa omena wa Dunga.

Daima tutakukumbuka, Seline. Mwombee Lornah.