Jina Lako Lilikuwa Kwenye Foleni

Dada Nakijwa, shikamoo.

Anayekuandikia si yule Togolani uliyembeba mgongoni. Ni mtu ambaye sasa Vudee yote haichimbi mfereji, haiozi binti wala haifungi mkutano bila kumsikiliza kwanza. Hata serikali imenisikiliza, nitakueleza. Marahaba yako nimejiitikia mwenyewe.

Jina lako limepata mtoto! Nimeanzia mwisho kwa sababu furaha hii haikai kifuani. Sasa tulia nikusimulie, maana bila mimi, dada... basi tu.

Unajua Mungu alikupa Eliamani peke yake. Kwa hiyo jina lako lilikuwa na mlango mmoja tu wa kurudia nyumbani. Zamani lisingekuwa neno. Mama yetu alizaa tisa, mababu na mabibi wa pande zote wakagawana wajukuu wa kubeba majina yao, hata shangazi asiyependwa na mtu akapata wake. Siku hizi milima imepoa. Pale shuleni darasa la kwanza mtoto anakalia dawati zima peke yake kama bwana shauri. Sisi tulibanana watano, wa pembeni akipiga chafya anaanguka.

Eliamani na mkewe Neema walikubaliana wawili, mwisho. Wa kwanza apewe jina na upande wa mume, wa pili upande wa mke. Wa kwanza akaja wa kiume, akachukua jina la shemeji, mumeo. Mimba ya pili hospitali wakaona ni wa kike, na zamu ni ya Usangi, kwa mama yake Neema. Wewe ungengoja wa tatu, na wa tatu hayumo kwenye mipango.

Nikashuka Same kuwashauri. Nikawaambia redioni tumewahi kuambiwa tupange, tukaja kuambiwa tuzae, sasa tunaambiwa tuzae tunaoweza kuwalea, na mimi katika yote hayo nimesikia nafasi ya mtoto wa tatu. Neema alikuwa anachagua mchele, tumbo limegusa ungo. Hakuinua hata kichwa.

"Mjomba, jina la mama mkwe nalipenda. Ila jina halinyonyi usiku. Anayenyonya ni mtoto."

Nikala wali nikarudi mlimani na maneno yangu yote, jambo ambalo unajua halijawahi kunitokea.

Siku chache baadaye akaja mtaalamu kutoka wilayani kutueleza sera ya idadi ya watu. Akasema mabinti wa sasa wanazaa wachache kuliko mama zao, wanapata nafasi ya kupumua, na watoto wanashiba. Sikubishana naye; mama yetu nilimwona alivyochoka. Lakini nilisimama. Nikamwuliza, mababu na mabibi wa mtoto ni wanne, watoto ni wawili, je, sera inasema hao wawili wanaobaki waende wapi? Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mtaalamu hakucheka. Akasema swali hilo hajawahi kuulizwa, atalipeleka juu. Mpaka leo nadhani Dodoma hawalali.

Mimi sikuwangoja. Nilichukua jogoo na mkungu wa ndizi, nikaenda Mwanga, nikapanda bodaboda kwenda Usangi. Kwenye kona za juu pikipiki ilikata pumzi, nikaisukuma mpaka kileleni, dereva amekaa juu yake. Uliza mtu yeyote. Moyoni nilikuwa nimepanga hotuba ndefu, ukoo kwa ukoo. Sijafika hata kwa babu, mama yake Neema akanikatiza.

"Kumbe umepanda mlima wote huu kwa ajili hiyo? Mimi bado naitwa, baba. Kuanzia asubuhi wananiita hapo mlangoni mpaka nakerwa. Mpeni yule ambaye hakuna tena anayemwita."

Machozi yalinitoka, lakini ulikuwa moshi wa jikoni kwake.

Basi akazaliwa, dada. Ana paji lako la uso, na kile kidole cha mguu kilichopanda juu ya mwenzake. Sasa anatembea. Akikasirika anashika kiuno, vilevile ulivyokuwa ukisimama ukingoni mwa shamba unaniita nikachote maji, na mimi nimejibanza kwenye migomba nikidhani sionekani. Juzi alinishikia kiuno mimi. Nikasimama, nikaenda kuchota maji. Mtu wa umri wangu!

Neema hajabadilika, wawili ni wawili. Wala simsumbui tena. Kila akija mlimani anakuwa amenona na anacheka, na Eliamani anabeba mtoto mwenyewe mbele za watu.

Lala vizuri, dada yangu. Nakuahidi mtoto huyu atajua jina lake limetoka kwa nani, na nitamsimulia habari zako bila kuongeza chumvi. Kidogo tu.

Kuna jambo dogo, usimwambie mama huko. Ulipoondoka, uwanja ulikuwa kimya mno. Sikujua kama huyu mtoto atakuja, nikampa jina lako yule ng'ombe wangu mtamba wa madoa, ili liwe linatamkwa pale nyumbani kila jioni. Sikukuu wote walikuja, hata mama wa Usangi. Neema akatoka na uji, akaita, "Nakijwa!" Mtoto akaendelea kucheza. Aliyeitikia alitokea bandani, kwa sauti ya juu, mara mbili, na watu wote wakageuka kunitazama mimi. Nimejaribu kumpa mtamba jina jingine. Ananiangalia tu.